Unapumzika na bado umechoka: jibu kwa mwanafunzi wa sheria

*"Shikamoo mshauri. Nasoma mwaka wa pili wa shahada ya sheria pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka wa kwanza nilikuwa nacheza netiboli jioni mbili kwa wiki na kuimba kwaya. Nilipopata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya somo la Mikataba niliacha vyote viwili ili nisome. Sapu niliifaulu, lakini siku hizi nakaa kimbwetani, kwenye meza za nje za kusomea, hadi saa sita usiku na sioni kama naelewa kuliko zamani. Jumamosi nalala hadi saa nne asubuhi, nikiamka nashika simu, nikija kushtuka ni saa tisa alasiri, sijafua wala sijasoma, na najichukia. Wenzangu wa kundi la kusoma wanasema anayetaka uwakili hana wikiendi. Naogopa kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Je, mwanafunzi wa sheria anaruhusiwa kupumzika kiasi gani, na apumzike vipi asijione anaiba muda?"*

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako ni zuri kwa sababu umeeleza siku yako ilivyo. Nimelisoma mara mbili, na jambo la kwanza ninaloliona ni kwamba saa za kupumzika unazo. Jumamosi moja tu, kuanzia saa nne hadi saa tisa, umekuwa na saa tano nzima. Ila hazikukupa raha wala nguvu. Na usiku, kimbwetani, unatumia saa nyingine nyingi ambazo hazikupi elimu. Mambo hayo mawili yana mzizi mmoja: kazi yako haina mahali inapoishia, kwa hiyo mapumziko yako hayana mahali pa kuanzia. Tukilitengeneza hilo, mengi yatakaa sawa.

Tuanze na "kuruhusiwa", maana neno hilo ndilo linalokutesa. Chuo chenyewe kimekupigia hesabu. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwemo za darasani, semina, kusoma peke yako, majaribio na mtihani. Mwaka wa masomo una krediti zisizopungua 120, yaani saa 1,200. Zigawe kwa wiki 30 za mihula miwili, utapata saa 40 kwa wiki. Kama kozi zako zinafika krediti 150, ni saa 50. Sasa wiki ina saa 168. Toa hizo 50. Toa 53 za usingizi, yaani saa saba na nusu kila usiku. Toa 28 za kula, kuoga, kufua, kupanga foleni na kukaa kwenye daladala. Zimebaki 37. Ibada, kuongea na nyumbani na dharura za hapa na pale zichukue 15. Bado una saa 22. Nakushauri kati ya saa 10 na 12 za hizo uzitenge waziwazi kwa mapumziko, na nyingine uziache ziwe akiba, kwa sababu wiki ya majaribio mawili itakuja tu na itazidai.

Kwa hiyo hakuna unayemwibia. Hofu yako ya kudisko naielewa, na haikutoka hewani. Kila mwanafunzi wa sheria nchini anakumbuka habari za Oktoba 2022, iliposikika kwamba kati ya watahiniwa 633 wa Shule ya Sheria kwa Vitendo (Law School), wanakopitia wahitimu wa sheria ili wawe mawakili, waliofaulu moja kwa moja ni 26. Namba kama hiyo ikikaa kichwani, hata kucheka na wenzako unaona ni uzembe. Lakini jiulize hofu hiyo inakusukuma ufanye nini. Kwa sasa inakusukuma ukae tu, na kukaa na kitabu si kipimo cha kujifunza.

Fanya jaribio hili leo usiku. Ukishasoma hukumu moja, tuseme ya Mbushuu dhidi ya Jamhuri, funga madesa (notisi zako) na uchukue karatasi tupu. Kwa dakika kumi andika bila kuchungulia: hoja iliyokuwa mbele ya mahakama ni ipi, Mahakama Kuu ilisema nini kuhusu adhabu ya kifo, na ilikuwaje Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na ya kudhalilisha, kisha ikaiacha isimame kwa kutegemea Ibara ya 30(2) ya Katiba, inayoruhusu sheria kuwekea haki mipaka kwa maslahi ya umma. Ukiweza kuandika nusu ukurasa wenye mantiki, umejifunza. Ukibaki na jina la kesi na mwaka tu, basi saa mbili ulizokaa zilipita juu ya macho. Fanya hivyo saa moja usiku, kisha ufanye tena saa tano usiku kwa kesi nyingine ya ugumu uleule. Tofauti utakayoiona ndiyo itakayokuambia saa zako za mwisho zina thamani gani.

Sababu iko wazi. Umakini huchoka. Unaposoma hukumu ndefu unabeba mambo mengi kwa wakati mmoja kichwani: ukweli wa kesi, hoja za pande mbili, kanuni, na sababu ya uamuzi. Kichwa kikichoka, jicho linaendelea kwenda mstari hadi mstari, ila uzi umekatika, na unajikuta unarudia aya moja mara nne. Na wewe una mzigo wa ziada ambao watu hawausemi: hukumu na vitabu vyako karibu vyote ni vya Kiingereza, wakati maisha yako mengine yote unayaishi kwa Kiswahili. Kuchoka mapema kuliko unavyotarajia hakumaanishi huna akili.

La pili ni usingizi. Ulichosoma mchana hupangwa na kuimarishwa ukiwa umelala. Ukikata usingizi ili usome zaidi, unakata ile kazi ya kuhifadhi. Na kusahau nako kuna tabia yake. Tangu utafiti wa Hermann Ebbinghaus wa 1885 inajulikana kwamba tunasahau kwa kasi sana siku za mwanzo, kisha kasi inapungua. Kesi moja iliyorudiwa kwa dakika kumi kesho, tena baada ya siku nne, tena baada ya wiki mbili, inakaa kuliko kesi iliyosomwa kwa saa tatu mfululizo mara moja. Maana yake kwako ni hii: saa mbili unazoziongeza kati ya saa nne na saa sita usiku ndizo za bei ghali kuliko zote, na ndizo zinazokupa kidogo kuliko zote. Hizo ndizo za kuachia kwanza.

Na hiyo sapu? Sidhani ililetwa na netiboli. Jioni mbili za mazoezi ni kama saa tatu kwa wiki. Wanafunzi wengi wanaoshika sapu ya Mikataba huwa wamesoma. Tatizo lao ni namna ya kujibu maswali ya matukio. Wanamwaga kila wanachokijua kuhusu pendekezo na ukubali, badala ya kubaini hoja, kutaja kanuni na kifungu chake katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kuihusisha na ukweli uliotolewa kwenye swali, kisha kuhitimisha. Kosa hilo halitibiwi kwa kukesha. Linatibiwa kwa kuandika majibu mawili kwa wiki, kila moja kwa dakika 40 ukiwa na saa mezani, na kumwomba mwalimu wako wa semina alipitie moja. Nakuomba uliangalie hili kwa macho makavu, kwa sababu umeacha vitu viwili ulivyovipenda kwa kosa ambalo huenda halikuwa lao.

Sasa tufike kwenye kufunga kazi. Sheria haina ukurasa wa mwisho. Daima kuna kesi nyingine, marekebisho mengine, mwenzako ametuma madesa mengine kwenye kundi la WhatsApp. Ukingoja umalize ndipo upumzike, utangoja hadi uzeeke. Mwisho wa siku uuweke wewe, kwa saa, na nakupendekezea saa tatu na nusu usiku. Dakika kumi kabla ya hapo acha kusoma, fungua daftari dogo, uandike mambo matatu: umeishia wapi hasa, kwa kesi na ukurasa, swali gani limebaki kichwani, na kitu cha kwanza utakachofanya kesho ukikaa. Kiandike kama kitendo, kwa mfano "kusoma kifungu cha 10 cha Sura ya 345 na kuandika masharti ya mkataba halali kwa maneno yangu", wala usiandike tu "Mikataba". Kisha tia daftari kwenye begi na begi lisikae kitandani. Kazi iliyoachwa ikining'inia hurudi kichwani yenyewe kila unapojaribu kutulia. Ikishaandikwa mpango wake, akili huacha kuikumbusha. Wiki ya kwanza utaona kama mchezo wa kitoto. Ipe wiki mbili.

Simu siikatazi. Ila uitazame ilivyo. Inatumia macho yaleyale, kusoma kulekule na kukaa kulekule ulikochoka nako, na haina mwisho wake yenyewe: video moja inaleta nyingine, na katikati yake linapita kundi la darasa likikukumbusha kazi ya kikundi. Ndiyo maana saa tano zinapita hujafanya kazi na hujapumzika. Jumamosi iweke simu ichajiwe mbali na kitanda, na uishike baada ya kuoga, kula na kufua. Zima arifa za makundi ya darasa kuanzia Jumamosi saa saba mchana hadi Jumapili jioni. Lenye dharura watakupigia.

Kuhusu kulala hadi saa nne, huo ni mwili unadai deni la wiki nzima. Hata hivyo, ukilala saa nyingi zaidi Jumamosi, Jumapili usiku usingizi unagoma, na Jumatatu unaanza ukiwa umechoka tena. Amka isizidi saa moja baada ya muda wako wa kawaida, na ukizidiwa lala dakika 20 mchana. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie saa nane mchana. Nusu ya kafeini bado iko mwilini saa tano hivi baada ya kunywa.

Na sasa raha yenyewe. Kanuni ninayoifuata ni kuchagua kitu kinachotumia sehemu yako ambayo sheria haijaigusa: mwili, mikono, sauti, au watu wasiojua kesi hata moja. Kwa wewe netiboli ingekuwa ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima, na jioni mbili uwanjani zinakufikisha hapo. Mpira ukiwa mkononi huwezi kuwaza kesi. Una sekunde tatu tu za kuutoa. Hilo ndilo pumziko unalolitafuta.

Usirudi kwa pupa, lakini. Umekaa karibu mwaka mzima, na netiboli ni mchezo mkali kwa magoti na vifundo vya miguu, kwa sababu ukishadaka mpira huruhusiwi kukimbia nao. Unasimama ghafla ukiwa kwenye kasi. Wiki mbili za kwanza tembea haraka na kukimbia polepole dakika 30, mara tatu kwa wiki. Wiki ya tatu ingia mazoezini, ila acha mechi. Zoezi la kurudia ni la kutua: ruka, daka, tua kwa miguu yote miwili, magoti yamekunjwa na yanaelekea kule vidole vinakoelekea. Goti likiangukia ndani unapotua, punguza urefu wa kuruka hadi lisimame sawa. Mishipa ya goti hukatika kwa kutua vibaya hata bila kugongwa na mtu. Wiki ya tano au ya sita cheza robo mbili. Robo nne za dakika 15 zisubiri.

Kwaya nayo ni njema, na ina faida ambayo netiboli haina: kuimba kwa pamoja kunakurefushia pumzi na kunakuweka na watu wa rika zote, wanaokujua kwa jina lako na si kwa matokeo yako. Lakini tuseme ukweli, kwaya zetu zinakula muda. Mazoezi ya saa kumi na moja huanza saa kumi na mbili, na Pasaka au Krismasi ikikaribia, au kukiwa na kurekodi, jioni mbili zinakuwa nne. Muhula huu chagua kimoja kati ya netiboli na kwaya kiwe cha kila wiki. Ukichagua kwaya, ongea na mwalimu wa kwaya mapema, mwambie siku unazoweza na wiki za mitihani ambazo hutakuwepo. Wengi huelewa wakiambiwa mapema, na hukasirika wakiachwa dakika za mwisho.

Ukitaka cha kukaa chini na kutulia, jifunze bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete sita kwenye nyumba (shimo lake kuu), mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza moja moja mchezoni. Linashika akili yote bila kioo cha simu, na mchezo una mwisho. Mkubaliane idadi ya mabao kabla ya kuanza, maana aliyefungwa huwa hataki kuondoka.

Mara moja au mbili kwa mwezi toka chuoni kabisa. Kubadilisha mahali kunasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu bweni, kantini na vimbweta vyote vinakukumbusha kazi. Kijiji cha Makumbusho pale barabara ya Bagamoyo, Makumbusho ya Taifa kule mtaa wa Shaaban Robert, au Coco Beach kwa mihogo ya kukaanga na pilipili. Ukienda kuogelea, uliza kwanza maji yanajaa au yanakupwa. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanapanda na kushuka karibu mita tatu kwa saa sita hivi, na yakitoka yanavuta. Oga wakati maji yametulia, mahali yanapokufika kiunoni, na usiende peke yako. Kuhusu fedha, ukiwa na bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo, la shilingi 10,000 kwa siku, tenga 5,000 kwa wiki siku ileile linapoingia. Fedha ya raha iliyotengwa haikupi hatia. Inayochomolewa kwenye chakula inakupa.

Kuna vitu vinavaa sura ya mapumziko. Mashindano ya mahakama ya kuigiza, kamati za msaada wa kisheria, uongozi wa serikali ya wanafunzi: ni vitu vya maana na vitakufaa kwenye kazi, ila viandike kwenye ule upande wa saa 50. Mikeka ya kubeti nayo inatumia bahati isiyotabirika kukushika, na matokeo yakikuangukia vibaya, bumu la mwezi limekwenda. Pombe humfanya mtu asinzie haraka, kisha huuvuruga usingizi nusu ya pili ya usiku.

Wenzako wa kundi usigombane nao. Waambie tu, "Mimi Jumamosi baada ya saa saba sipo, Jumapili saa kumi jioni nipo na majibu mawili nimeandika." Ukija na majibu yaliyoandikwa, maneno yatapungua. Na wiki mbili kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula punguza mapumziko yawe nusu, usiyafute. Usingizi wa saa saba na kutembea dakika 30 kila siku vibaki hadi karatasi ya mwisho.

Nimeona neno moja kwenye barua yako ambalo sitaki kulipita: "najichukia". Kama ni hasira ya Jumamosi jioni inayopita ukishalala, haya niliyoyaeleza yatakusaidia. Lakini kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, umekuwa na huzuni, au hata vile ulivyovipenda havikupi raha tena, usingizi na hamu ya kula vimeharibika, na unajiona huna thamani, basi hilo si la ratiba. Nenda kituo cha afya cha chuo useme hivyohivyo ulivyoniandikia, au mwone mnasihi kwenye ofisi ya huduma za wanafunzi. Mazungumzo na mnasihi hayaandikwi kwenye matokeo yako. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, usingoje miadi: mwamshe mwenzako wa chumba, mwende pamoja hospitali usiku huohuo. Na ukirudi kwenye netiboli, goti likivimba au likikosa nguvu ya kukubeba, acha kucheza na uonane na daktari kabla ya mazoezi yanayofuata.